Sifuri ya Meinradi

Ulipita pale. Usiniambie hukupita, mimi nimekaa kona ya Nyaluhela miaka sita nikihesabu magari yenu. Uliposhuka mteremko na ukungu umeshika barabara, kioo cha gari lako kilikuuliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama ungependa kufifishiwa kilicho mbele. Ukasema ndiyo. Upande wa kushoto kikageuka rangi ya maziwa, muziki ukaongezwa kidogo, na kilipong'aa tena ulikuwa umeshafika kwenye mashamba ya chai na mtoto wako anauliza kama kuna mahali pa kununua mahindi. Sekunde saba tu. Kwenye zile sekunde saba tulikuwemo sisi, na machela, na gari limelalia ubavu juu ya chai.

Najua vioo vile hukuvivumbua wewe. Lakini hakuna sheria iliyokulazimisha kusema ndiyo.

Kumi na wanne wameishia kona ile. Ninyi mmesahau, mimi sijasahau hata mmoja. Wa kwanza alikuwa Wende Mhagama, muuza miche ya parachichi, mwaka wa pili tangu Mhimili, mtambo wa kuzuia gari lisiteleze, ulipofanywa sheria. Miche yake iliota palepale ilipomwagika, na leo inazaa. Wa nne na wa tano walikuwa mapacha wa Mgimba. Wa sita alikuwa Lupyana wa gari la maziwa, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani, na wakampima pombe maiti yake mara mbili. Wa tisa ni Meinradi Luvanda, mume wangu, Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ya manyunyu.

Wote kumi na wanne waliandikiwa maneno matatu yaleyale: kosa la mkono. Kwa sababu Mhimili haukosei. Mhimili unahisi gari linapoanza kuteleza kabla dereva hajajua, unafunga breki ya gurudumu moja, unalirudisha gari barabarani. Na ukishindwa kulirudisha, ushahidi unaopokelewa ni wa sanduku lake la kumbukumbu tu. Sanduku likisema kila kihisi kilikuwa kwenye sifuri yake, basi aliyekosea ni marehemu, na mjane wake atie saini hapa chini.

Nilitia saini. Lakini sanduku sikulitoa.

*

Sheria inataka sanduku la gari lililoua lirudishwe kituo cha ukaguzi likafutwe. Nilipeleka jingine, kuukuu, nililoliunguza kwa tochi ya gesi mpaka likawa kama mkaa. La Meinradi nikalibakiza mahali pake, chini ya kiti cha dereva. Bodi ya gari niliinyoosha mwenyewe kwa nyundo, miezi minane. Sikusomea ufundi chuoni. Nimesoma kwenye vyuma vilivyotupwa, na kwa kumsikiliza yeye akiongea huku mdomoni ana nati.

Sababu ya kuiba ilikuwa moja. Mhimili hujifunza mkono wa dereva. Ukiendeshwa na mtu mmoja mwaka baada ya mwaka, unajua anapenda kukata kona vipi, anaachia mafuta wapi, na unaanza kumsaidia kabla hajafika. Akifa, ule mkono unabaki sandukuni.

Kila Jumapili baada ya misa nililitoa gari kwenye gereji aliyoniachia, nikaenda nalo mpaka daraja la Mto Hagafilo na kurudi. Njia tambarare, kilomita nne. Nilishika usukani kwa vidole tu, kama unavyomshika mtu usiyetaka kumwamsha. Kabla ya kona ya shule gari lilipunguza mwendo pasipo na tuta, kwa sababu miaka ile pale palikuwa na kuku wa Mama Kilasi, na Meinradi aliwaogopa kuku wale kuliko trafiki. Kabla ya daraja breki ziligusa mara mbili, to, to, kama mtu anayebisha hodi. Yeye alifanya hivyo kila daraja. Nilipomuuliza alisema, "Nalijulisha kwamba naja." Na tulipokaribia njia panda ya kwetu, usukani ulivutwa kushoto, kidogo sana, kuelekea nyumbani.

Huo mvuto wa kushoto ndio nilioupenda kupita vyote. Nilikuwa naachia mikono kabisa. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Haya baba, tumefika."

Miaka sita, Jumapili moja baada ya nyingine.

*

Alhamisi moja akaja Odilo, mdogo wake Meinradi, fundi mwashi, na pikapu yake imejaa saruji.

"Shemeji, hili gari linanivuta kushoto kama mke mwenye wivu."

"Mke wako anajua kushoto kuna nani?"

"Kushoto kuna korongo, shemeji. Jana Nyaluhela nilishika usukani kwa mikono miwili na magoti." Alicheka, lakini alikuwa bado hajashuka kwenye gari. "Nilimwona kaka. Sisemi mzimu. Nilijua tu alichokiona mwishoni."

Nikamkalisha kwenye ndoo. Nikapima upepo wa matairi: sawa. Nikapima alaimenti kwa uzi, kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, ufundi wa zamani: sawa. Nikainua kwa jeki na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono, nikisikiliza kama kuna breki inayokwangua. Hakuna. Ndipo nikachomeka kompyuta yangu yenye viraka na kuvisikiliza vihisi kimoja kimoja. Cha usukani kilisema kweli. Vya magurudumu vilisema kweli. Kihisi cha kuegemea, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachouambia Mhimili gari limelalia upande gani, kilisema pikapu inaangukia kulia.

Pikapu ilikuwa imesimama sakafuni kwangu kama ng'ombe aliyeshiba.

"Kihisi kimekufa," nikamwambia.

"Au sakafu yako. Mimi nilisema." Odilo akaanza hadithi yake ya siku zote. "Kaka alinilazimisha nipige zege sawasawa kama meza. Wiki nzima tuligombana. Nikamwambia, kaka, sakafu isiyo na mwinamo ni sakafu ya mtu mvivu, maji yatatuama, utafuga bata humu. Haya, bata wako wapi?"

"Wewe ndiye bata. Leta kihisi kipya kwenye kabati la juu."

Nilifunga kipya. Kihisi kipya hakijui lolote. Lazima kipelekwe kituo cha ukaguzi, gari lisimame kwenye mstari mweupe, mkaguzi aingize ufunguo wake na kukiambia: hapa ndipo sifuri, hapa gari limesimama wima, pima kila kitu kuanzia hapa. Fundi wa gereji haruhusiwi. Odilo akaenda, akarudi baada ya saa mbili na karatasi yenye muhuri.

Nikachomeka tena. Pikapu inaangukia kulia.

Nikafunga cha tatu, cha kiwanda kingine. Akaenda tena, akarudi amenuna. Inaangukia kulia, kiasi kilekile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Vihisi vitatu, viwanda viwili, uongo mmoja. Kihisi kibovu huropoka, leo hiki kesho kile. Hivi vilikuwa vinanisimulia kitu vilichofundishwa.

"Nipe funguo," nikasema. "Nataka kuisikia barabarani."

Nikaenda na pikapu ile kuelekea darajani, Odilo pembeni yangu anatafuna muwa. Ilipofika njia panda ya kwetu nikalegeza mikono, kwa mazoea tu.

Usukani ukavutwa kushoto, kidogo sana, kuelekea nyumbani.

Nilifunga breki katikati ya barabara. Odilo akajigonga kichwa.

"Shemeji! Nini tena?"

Ningemwambia nini? Kwamba mkono wa mume wangu umo ndani ya gari lake? Kwamba miaka sita nimekuwa nikisema haya baba, tumefika, na niliyekuwa nasema naye ni hitilafu?

*

Ijumaa asubuhi tulikwenda kituoni na mpira wa maji.

Kama hujawahi kuuona, ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unajazwa maji, na waashi wote wanao. Unashika ncha huku, mwenzako anashika kule, maji yakitulia yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna ukuta. Hakuna betri wala mtu wa kuufunga kwa lakiri, ule muhuri wa serikali.

Uwanja wa kituo ni wa zege laini, mzuri kuliko sakafu ya kanisa. Odilo aliujenga mwenyewe, mwaka wa kwanza wa Mhimili, na aliutembelea kama mtu anavyomtembelea mwanawe aliyefaulu. Tulishika ncha kwenye mstari mweupe, yeye mahali pa gurudumu la kulia, mimi la kushoto. Tukasubiri maji yatulie.

Upande wake maji yalikuwa juu ya zege kiasi cha shubiri. Upande wangu, shubiri na vidole viwili.

Akaja upande wangu kuangalia. Akarudi kwake. Akaja tena.

"Nilitoa mwinamo," alisema.

"Odilo."

"Huku mvua hainyamazi, shemeji. Nilitoa mwinamo wa kushoto ili maji yaende mtaroni. Kila fundi angetoa. Niliupiga kwa moyo wote, hakuna tone linalotuama hapa, waliniandikia barua ya pongezi." Sauti yake ilipanda. "Hakuna aliyeniambia ni uwanja wa nini! Walisema uwanja wa magari! Nikajenga uwanja wa magari!"

Alikaa kwenye zege lake, mpira mkononi, maji yakimmwagikia suruali.

Basi elewa, wewe uliyefifishiwa. Gari linasimama pale, limelalia kushoto vidole viwili, na linaambiwa hapa ndipo kusimama wima. Ukilileta kwenye barabara sawa linaamini linaangukia kulia, na linajirudisha kwa kufunga breki za kushoto, kidogokidogo. Siku ya jua hutambui. Unadhani ni mazoea ya mkono wako. Lakini Nyaluhela, mvua, lami ina utelezi, kona imekaza, Mhimili unaogopa. Nao ukiogopa unavuta kwa nguvu zote kwenda kushoto, ambako kuna korongo. Na sanduku linaandika kweli tupu: kila kihisi kilikuwa kwenye sifuri yake.

*

Mkaguzi wa kituo ni Yusta Sanga. Saini yake iko chini ya karatasi tisa kati ya zile kumi na nne. Aliyatazama maji yetu muda mrefu, mwavuli begani.

"Pole, dada Gaudensia," alisema. "Nimeona. Lakini mimi naruhusiwa kupokea neno la sanduku tu. Maji hayana lakiri."

"Ipime pikapu ya Odilo."

"Pikapu haijaua mtu. Watasema rekebisha, basi. Ili faili la ajali lifunguliwe wanataka sanduku la gari la ajali, lenye sifuri ya siku ileile, haijaguswa. Na hayo yote yamefutwa. Niliyafuta mimi." Akauhamishia mwavuli bega la pili. "Yote, isipokuwa lile ulilodai limeungua."

"Nilikudanganya."

"Najua. Lilinuka gesi."

Tulitazamana. Miaka sita alijua, na miaka sita hakusema. Sijui kama nimshukuru kwa hilo au nimpige kibao.

"Nikikata lakiri naweza kuisoma sifuri," akasema. "Mara moja tu, mbele ya mashahidi wawili. Lakini mkono umejengwa juu ya sifuri ile. Nikiisoma, sanduku linaanza upya. Mkono unaondoka wote. Haunakiliki, usije ukaniomba."

"Na nisipolileta?"

Akageuza uso kutazama lango, ambako magari saba yalikuwa yamepanga foleni kuja kuwekewa sifuri. La pili lilikuwa la shule, vichwa vidogo dirishani.

Ungefanya nini wewe? Usijibu haraka. Nami sikujibu haraka. Nilikwenda nyumbani, nikafua nguo zilizo safi. Nilijiambia ule mkono ni wangu, ndicho kitu pekee walichosahau kuninyang'anya. Nilijiambia wengine nao wana wake zao, na wao wapiganie. Nilijiambia hata nikitoa, hawatabadilisha kitu. Nilisema yote mnayoyasema ninyi mkibonyeza ndiyo. Nayajua maneno hayo kwa ladha yake.

*

Jumapili sikwenda misa. Nililitoa gari.

Odilo alikuwa ameshika lango la gereji. "Nije?"

"Hapana, shemeji. Leo tuko wawili."

Safari hii nilishika usukani kwa nguvu. Kila lilipovuta kushoto nililizuia, kwa sababu sasa nilijua ule si yeye. Ule ndio uliomuua, na mimi nilikuwa nimeulea kama mtoto. Ilikuwa kazi ngumu, kumchambua mtu na kilichomuua, kama kuchambua mchele na chuya gizani. Nikabaki najiuliza kama kuna chochote kitakachosalia.

Kona ya shule gari likapunguza mwendo. Mama Kilasi amekufa, kuku wameliwa zamani, lakini likapunguza. Nilicheka kwa sauti. Nikafika darajani.

To, to.

Yule alikuwa yeye. Hakuna mwinamo unaoweza kubisha hodi. Niligeuza, nikalivuka tena. To, to. Nikageuza tena. Wachunga ng'ombe walisimama kuniangalia, mwanamke mtu mzima anavuka daraja moja mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja nilizima redio, nikafungua dirisha ili mto usikike, na nilipoisikia ile hodi nikamjibu, "Karibu."

Kisha nikalipeleka kituoni, nikalisimamisha kwenye mstari mweupe, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mashahidi walikuwa Odilo, aliyetutangulia kwa pikapu yake, na mlinzi wa lango. Yusta alikata lakiri kwa mkasi mdogo wa cherehani. Kioo cha kompyuta kikatoa tarakimu, akaisoma kwa sauti, kama alivyotakiwa: "Sifuri ya kuegemea, nyuzi moja na nukta mbili, kushoto." Odilo akakunja mpira wake wa maji. Ilikuwa tarakimu yetu ileile, ya vidole viwili.

Kisha taa ya sanduku ikawa ya kijani, na sauti ya upole ikasema: karibu, dereva mpya.

Nilirudi nalo nyumbani. Kona ya shule halikupunguza. Lilipita kama vile hapajawahi kuwa na kuku duniani.

*

Majibu ya makao makuu ya ukaguzi yalikuja baada ya wiki tatu. Kwenye faili la Meinradi Luvanda, kosa la mkono limefutwa. Pameandikwa: sababu haijathibitika. Kuhusu wale kumi na watatu, kila familia ilete sanduku lake. Kuhusu uwanja, suala linajadiliwa. Wakati wa majadiliano kituo kiendelee na kazi.

Odilo aliisoma barua ile amesimama. Aliikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, akachukua nyundo ya kuvunjia mawe. Saa tatu asubuhi, mbele ya foleni, akaanza kulivunja zege alilopewa pongezi. Mlinzi alimtazama Yusta. Yusta alikuwa anafunga lango kwa mnyororo, kwa ndani, na ufunguo akautia kifuani. Wote wawili wako rumande leo, ninapokuambia haya. Odilo ameniagiza nimpelekee sweta na nisisahau kumwagilia tofali zake.

Mimi bado naliendesha gari. Linajifunza mkono wangu sasa. Juzi kabla ya daraja nilijikuta nagusa breki mara mbili, kwa mguu wangu mwenyewe, na niliposikia to, to, nilitazama kiti cha pembeni.

Lakini sikukuita uje kunionea huruma. Huruma yako ina kioo cha maziwa. Viwanja vya vituo nchini ni mia mbili na kumi, na vimejengwa na mafundi wazuri kama Odilo, wanaojua mvua, wanaochukia maji kutuama. Kimoja kiko jirani na kwako. Gari lako liliwekewa sifuri pale, na wewe umeshazoea lilivyo, unasema ndivyo linavyopenda.

Kwa hiyo inuka. Mtaani kwako yuko mwashi, mwazime mpira wake wa maji. Mtu mmoja ashike kulia kwa mstari mweupe, wewe shika kushoto, subirini maji yatulie, mpime kwa vidole. Yakitofautiana, kaa palepale kwenye mstari, gari lolote lisipite, hata wakikuita mwendawazimu, hata wakileta mnyororo. Na ukiwa njiani kwenda, kioo kitakuuliza kama ungependa kufifishiwa.

Sema hapana. Nenda leo, kabla ya gari la shule.